Sinema ya bure ya milima na mito, Ipagala: nilivyoiona

Vijana walioleta sinema hii ya nje wakirudi tena, nenda. Nenda na watoto, nenda na wazee, na usiache blanketi nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu wengi wamenipitia kibandani wiki hii wakiuliza kama kweli ilikuwa bure au mwishoni kuna mahali ulitakiwa kutoa kitu. Ilikuwa bure kabisa. Hakuna aliyeuza tiketi wala kupitisha kapu la mchango, na hakuna aliyetuomba namba za simu. Hata mlango haukuwepo. Ni kiwanja cha mpira cha mtaani huku Ipagala, Dodoma, unaingilia upande unaotaka.

Walichoonyesha ni filamu fupifupi za watu wanaopanda majabali, wanaopiga kasia kwenye maji yanayochemka, wanaosafiri mbali kwa baiskeli. Iliyokuwa ndefu kuliko zote haikufika nusu saa, na fupi kabisa ilikuwa kama dakika tano. Walioandaa ni kikundi cha vijana wa hapahapa Dodoma ambao Jumamosi huwa wanapanda Mlima wa Simba, lile jabali la pembeni mwa mji. Wamejichanga wenyewe wakakodi projekta, spika na jenereta. Mimi ni fundi cherehani, nashona Majengo. Nilikwenda na mwanangu wa kiume, yuko darasa la tano, pamoja na mama mkwe wangu, ambaye mara ya mwisho kuona sinema ya nje ilikuwa zamani, enzi za gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini.

Nianze na saa. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni, na hilo naomba walirekebishe. Dodoma mwezi wa saba jua linazama saa kumi na mbili na nusu na ushee, na projekta ya kukodi haiwezi kushindana na mwanga unaobaki angani. Picha ilianza kuonekana vizuri saa moja na robo. Walioheshimu tangazo walikaa zaidi ya saa nzima wakitazama vijana wakivuta kamba, na humo ndani zikaingizwa hotuba. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Msemaji alisimama akasema "Mbukwenyi!" uwanja mzima ukaitika, wazee wakapewa shikamoo zao, wakaletewa viti vya mbele. Hapo pangetosha. Ya pili na ya tatu zilirudia maneno yaleyale, na watoto wa chekechea walishaanza kulala kwenye mikeka kabla hawajaona hata mlima mmoja. Waandike saa moja kamili usiku. Watu watakuja saa moja.

Kitambaa cha kuonyeshea nakizungumza kama fundi. Wao wanakiita turubai lakini ni pamba nyeupe, ile nzito kidogo tunayoshonea mifuko ya ndani ya suruali, vipande viwili vimeungwa kwa upana. Aliyekishona anajua kazi. Mshono umelazwa ukapigwa mara mbili, haukuvutwa popote, na pindo zote zimepitishiwa kamba kwa ndani. Ila mshono ule ulipita katikati ya picha, na kila aliyesimama kwenye filamu ulimpita shingoni. Baada ya muda macho yanazoea. Upepo ndio uliosumbua. Mnaijua Dodoma ya mwezi wa saba, jua likishaondoka upepo unaamka. Pembe za juu walizifunga imara kwenye nguzo, chini wakaacha kamba mbili tu, basi kitambaa kikajaa kama tanga la jahazi, na uso wa dada aliyekuwa anapanda jabali ukavimba na kunywea, ukavimba na kunywea. Kijana mmoja akakimbia akaleta bomba la chuma, wakalizungushia upindo wa chini, wakalikaza kwa waya. Kuanzia hapo picha ilitulia.

Kitu kingine ni kwamba kitambaa chenyewe hakina bitana, kwa hiyo mwanga mwingi unapita hadi upande wa pili. Watoto waligundua hilo kabla ya watu wazima. Kundi zima lilihamia nyuma, likaketi mchangani kwa raha zake, likaangalia filamu iliyogeuka, baiskeli zikienda kushoto wakati sisi tunaziona zikienda kulia. Mwanangu naye alikwenda huko, akarudi mbio kuniambia kwamba upande ule maandishi hayasomeki lakini hakuna vichwa vya kukuziba. Ni kweli, huko nyuma ndiko kulikokuwa na nafasi. Lakini mwanga uliowafikia wao ulikuwa umepungua kwetu. Kitambaa cheusi kikishonwa kwa nyuma, picha ya mbele itang'aa zaidi kwa projekta ileile, bila kuongeza senti kwenye kodi.

Jenereta wameliweka mbali, nyuma ya ukuta wa jirani aliyekubali, wakavuta waya mrefu. Nawasifu kwa hilo. Nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara ambako jenereta linaunguruma kuliko mhubiri.

Sasa mtafsiri. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, na chini yake maandishi ya Kiingereza hayohayo, ambayo mama mkwe wangu yasingemsaidia chochote. Wakamweka kijana mwenye maiki pembeni ya spika, atafsiri papo hapo kama wale wa kwenye vibanda umiza. Nilipomwona anashika maiki nikaogopa kidogo, kwa sababu vibandani mtafsiri huwa anaongeza filamu yake juu ya filamu ya watu. Huyu alikuwa na adabu ya kazi. Mtu wa kwenye picha akianza kusema, anampunguza sauti, anasubiri amalize sentensi, kisha anaisema kwa Kiswahili cha kueleweka. Panapotajwa futi anageuza kuwa mita, na mita zikiwa nyingi anatoa mfano wa kitu ambacho sote tunakijua. Kwa wazee anatupia neno la Kigogo. Kwenye filamu ya kwanza alizidisha kidogo, akawa anaeleza hata tunachokiona kwa macho yetu, hadi mzee mmoja wa viti vya mbele akamwambia kwa sauti, "Mjukuu wangu, hapo tuachie tusikie upepo." Watu wakapiga makofi. Kijana akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Nimekusikia babu," na kuanzia pale akawa ananyamaza panapostahili kunyamaza. Bila huyu kijana nusu ya uwanja ungeondoka saa mbili. Kama kuna pesa ya kumlipa mtu mmoja usiku ule, alipwe yeye.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya wanawake wawili wanaopanda El Capitan, ukuta wa jabali ulioko Yosemite, California, nchini Marekani. Ukuta huo umesimama takriban mita 900, umenyooka, na wapandaji wengi hawaumalizi kwa siku moja. Kwa hiyo wanalala ukutani. Wanafungua kitanda chenye fremu ya mabomba mepesi na kitambaa kilichovutwa, wanakining'iniza kwa mikanda, wanapanda juu yake na viatu vyao, wanachemsha chai huku chini yao ni hewa tupu. Uwanja ulipiga kelele pale mmoja alipogeuka upande wa pili kulala. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye pembe za kile kitanda, pale mkanda unapokutana na kitambaa. Uzito wote wa watu wawili unaishia kwenye vidole vichache vya mshono, na mwenye kamera, Mungu ambariki, alipasogelea karibu sana. Nafikiri alikuwa mtu anayeelewa nini kinamshikilia pale juu.

Baba mmoja akauliza kwa sauti lile ambalo kila mtu alitaka kuuliza: wakibanwa na haja wanafanyaje? Mtafsiri akasimamisha filamu, akajibu bila kuchekacheka. Kule hairuhusiwi kuacha kinyesi ukutani wala kukitupa. Wanakihifadhi kwenye chombo kinachofungwa kabisa, wananing'iniza chombo hicho chini ya mizigo, na wanakibeba mpaka mwisho wa safari. Mama mkwe akatikisa kichwa akasema, "Hao wamelelewa." Hiyo nayo ni aina ya kutazama sinema inayonipendeza, mtu anauliza na anajibiwa palepale.

Ya pili ilikuwa ya mtoni, Nile kule Jinja nchini Uganda, vijana ndani ya mitumbwi myembamba ya plastiki wakirushwa na maji, wanazama, wanajipindua, wanaibuka. Hapa uwanja ulikuwa kimya kwa namna nyingine. Sisi ni watu wa kusubiri mvua. Tunajua ndoo ya maji inavyokuwa mwezi wa kumi, tunajua mkondo mkavu unaochimbwa mchanga ili yapatikane ya kupikia. Maji mengi kiasi kile, meupe kwa povu, yanapita bila mtu kuyakinga, yanashika moyo. Mama aliniuliza, "Mwanangu, yote hayo yanakwenda wapi?" Mtafsiri akawa kama amemsikia, maana alieleza hapohapo kwamba yanatoka Ziwa Victoria, lile ambalo karibu nusu yake iko kwetu Tanzania, yanavuka Sudan Kusini na Sudan hadi Misri na kuingia Bahari ya Kati, na mto wote una urefu wa zaidi ya kilomita 6,600. Mama akasema, "Basi mtoto wa Mwanza na mtoto wa Misri wanakunywa kisima kimoja." Nimeyarudia maneno hayo kwa wateja kibandani.

Ya theluji sina mengi ya kuieleza. Watu wanateleza mlimani na mbao miguuni, muziki mkubwa, wanaanguka, wanateleza tena. Hatukuambiwa ni akina nani wala wanatafuta nini. Watoto waliipenda kwa dakika mbili, kisha wakaenda kwenye mishikaki.

Ya Kilimanjaro ndiyo iliyoniumiza, na hapa nitakaa kidogo.

Ni filamu nzuri kwa macho, sikatai. Mgeni mmoja anapanda kwa njia ya Machame, anaugua kichwa, anakata tamaa, anajikaza, anafika Uhuru alfajiri, mita 5,895, jua linachomoza, analia. Uwanja ulimshangilia na mimi nilimshangilia. Lakini muda wote ule nyuma yake kulikuwa na watu. Wanapita na mahema kichwani, na mitungi ya gesi, na viti, na meza, na kapu la mayai. Wanampita yeye akiwa amekaa kwenye jiwe anapumua. Hakuna aliyetajwa jina. Hakuna aliyeulizwa neno. Mmoja alitabasamu mbele ya kamera, kisha akakatwa.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikwenda Moshi kutafuta maisha akawa mgumu. Ndivyo wanavyojiita wapagazi wa kule, wagumu, na jina limewakaa. Nimemsikiliza miaka mingi akirudi likizo. Utaratibu wa hifadhi ni kwamba mgumu asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo inapimwa getini. Kampuni inayojiheshimu inafuata. Nyingine, mizani ikishapitwa, vitu vinahama kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine. Ameniambia kuhusu maji. Kwenye njia ile maji ya mwisho ya kuchota yako kambi ya Karanga, na kambi inayofuata, Barafu, iko juu ya mita 4,600 na haina chanzo. Kila kikombe cha chai anachokunywa mgeni pale Barafu kabla ya kwenda kileleni kimebebwa na mtu kutoka bondeni Karanga. Kwenye filamu tuliona chai ikinywewa. Tuliona mvuke wake. Aliyebeba maji hatukumwona.

Mwanangu, ambaye anampenda sana baba yake mdogo, aliniuliza kwa sauti ya kusikika, "Mama, ba'mdogo yuko wapi hapo?" Watu wa mkeka wa jirani waligeuka. Nilimwambia ni mmoja wa wale wanaopita nyuma. Akaanza kuwaangalia wao, akaacha kumwangalia mgeni, na akawa ananionyesha kila mara, yule pale, na yule.

Simlaumu mgeni. Amepanda mlima wetu, ameumwa, amelia, amerudi salama. Waliopanga filamu ndio wameona milima kwa jicho moja. Na si jambo la jana. Vitabu vinaandika kwamba mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, na jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa kiongozi wao wa njia, wengi wamelisikia wakiwa watu wazima. Lakini tunao wengine ambao hawakuachwa nyuma ya picha. Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge pale juu mwaka 1961 usiku wa uhuru. Wilfred Moshi alifika kilele cha Everest mwaka 2012, Mtanzania wa kwanza. Watoto waliokuwa pale mchangani wangeyasikia majina hayo, wangelala na kitu kingine kichwani. Mtafsiri angeweza kuyasema katika dakika ile ya kubadilisha filamu. Hakuyasema. Labda hakupangiwa.

Kisha ikaja filamu yao wenyewe, na hapo wakanirudisha.

Wameipiga kwa simu. Vijana wa kikundi, wa kiume watatu na dada mmoja, wanatoka Dodoma kwa baiskeli kwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani. Ni takriban kilomita 180, barabara ile ya lami ya kwenda Babati iliyofunguliwa mwaka 2018. Baiskeli si zile za gia nyingi tulizoziona kwenye filamu za Ulaya. Ni hizi zetu, za chuma, zenye keria ya kubebea gunia. Muziki hamna. Unasikia mnyororo, upepo, na lori linapopita.

Karibu na Mayamaya gurudumu linapata pancha. Hapo filamu inasimama kwa muda mrefu, na mimi nasema ndiyo sehemu bora ya usiku mzima. Fundi wa kijijini amekaa chini ya mti, ana karai la maji. Anatoa mpira wa ndani, anaujaza upepo, anauzamisha kidogokidogo, anausogeza kwa vidole vya mikono miwili mpaka vipovu vinapopanda. Anaweka kidole pale. Anakausha kwa shati. Anakwangua kwa kipande cha msasa hadi rangi ya mpira inabadilika, anapaka solusheni, anaipulizia, anasubiri. Anakata kiraka kwenye mpira wa zamani kwa mkasi butu, anakizungusha pembe ili zisinyanyuke, maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Hata mimi nikitia kiraka kwenye suruali ya kazi nazungusha pembe. Anagongagonga na nyundo. Wanamuuliza anadai kiasi gani, anawaambia waende tu, wakirudi wamletee habari za huko. Na waliporudi, kamera inamwonyesha tena, wanampa simu aangalie picha za michoro. Uwanja ulipiga makofi kwa yule fundi kuliko walivyompigia mtu yeyote usiku ule.

Kolo wanakutana na mwongozaji wa Mambo ya Kale, wanapanda naye kwa miguu kati ya mawe na miti ya miiba. Anawaeleza kwamba Mary Leakey alikuja kunakili michoro hii mwaka 1951, na kwamba eneo liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, zaidi ya mapango na vibanda vya miamba 150 vimeorodheshwa. Anawazuia wasimwagie maji michoro ili ing'ae kwenye picha, jambo ambalo wageni wengi wamelifanya na limeharibu. Kisha simu inainuliwa taratibu. Watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, vichwa vikubwa, mikono kama inacheza ngoma. Twiga. Mnyama mwingine nisiyemjua. Pale Mungomi wa Kolo anawaambia wenyeji bado wanakwenda kufanya matambiko yao, kwa hiyo kuna mahali hawatapiga picha, na kweli hawakupiga. Picha inaonyesha viatu vyao vikiwa vimesimama.

Mama mkwe kwao ni Mpwapwa, hajawahi kufika Kondoa. Aliniuliza nauli ya basi ni shilingi ngapi. Mtu wa umri wake akitazama sinema ya dakika kumi na mbili akauliza nauli, hiyo sinema imefanya kazi yake.

Kasoro yake ni upepo kwenye sauti, maneno mengine hayasikiki. Na yule dada alisema machache mno. Tunamwona akipanda kilima cha mwisho huku kaka zake wakisukuma baiskeli kwa mikono, na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Wasichana waliokuwa mbele yangu walikuwa wakimshangilia yeye kwa kelele. Wangependa kumsikia.

Baada ya filamu waliweka meza chini ya mwarobaini, na vifaa vyao juu yake, uruhusiwe kushika. Wengi waliondoka kwa baridi, nawasikitikia, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Nilishika mkanda wa kupandia, ule unaovaliwa kiunoni na mapajani. Niliomba mwanga wa tochi nikaugeuza mkanda ndani nje. Mahali pa kubeba uzito hakuna mshono mmoja mrefu. Kuna vifungu vya mshono mfupi uliobanana, wa kwenda na kurudi, kimoja baada ya kingine, kiasi kwamba kimoja kikikatika vingine vinabaki. Uzi ni wa nailoni, na rangi yake haifanani na ya mkanda. Nilimuuliza kijana kwa nini wasifananishe, ingependeza. Akanijibu kwamba ni makusudi, uzi ukianza kuchakaa au kukatika uonekane haraka. Nimeshona miaka yote nikihangaika kuficha uzi. Kuna kazi ambayo uzi unatakiwa uonekane ili mtu asife. Nimeanza kufanya hivyo kwenye mikanda ya mabegi ya shule ninayoshona, na wateja hawajalalamika.

Watoto walivalishwa mkanda na helmeti, wakavutwa juu kidogo kwa kamba kwenye tawi nene, mmoja mmoja, na foleni yenye nidhamu. Kijana aliyeshika kamba hakuiachia mkono hata mara moja, hata alipokuwa akisalimiwa. Niliangalia hilo kwa makini kabla sijamruhusu mwanangu.

Ya kurekebisha, mbali na saa: choo. Kulikuwa na matundu mawili nyuma ya kiwanja, hayana taa, na foleni ya akina mama ilikuwa ndefu huku tunamulikiana kwa simu. Taa moja ya sola ingetosha. Spika nazo zilielekezwa zote kwa wazee wa mbele, wao wakaziba masikio, sisi wa nyuma tukatega yetu. Na bodaboda waliofika kusubiri abiria waliacha taa zikiwaka kuelekea kitambaani, wapangiwe mahali.

Chakula kilikuwa sawa. Mishikaki shilingi 500 kijiti, karanga, kahawa chungu ya moto iliyotuokoa na baridi. Maji ya kunywa yaliisha mapema.

Kabla ya kuondoka nilimfuata msemaji wao, nikamwambia kuhusu shemeji yangu, kwamba yuko tayari kuongea mbele ya kamera na ana wenzake watakaokubali. Hakuwa na maneno mengi. Alitoa daftari akaandika. Akaniuliza, "Mama, tukifika kwao tuwaulize nini?" Nikamwambia wasianze na kilele. Waulize mzigo ulipimwa wapi na nani alisoma mizani. Waulize viatu walivyovaa walivipata wapi, na walilala wangapi kwenye hema moja. Waulize walikula mara ngapi kwa siku, na nani alibeba maji kutoka Karanga. Na mgeni akishaagana nao getini, ile bahasha ya bakshishi inafunguliwa mbele ya nani.